Wazo la Leo: Adabu ya Kulala Porini

Msafiri atokaye Nachingwea kwa miguu kuelekea Ruangwa, hema na maji yake mgongoni, akikatiza nchi ambayo mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanzishwa mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951, uliijia kwa matrekta na reli, hana budi, jua likikaribia kuchwa, kupiga hodi kijijini na kuomba idhini ya mahali pa kulala. Kwani ardhi idhaniwayo tupu ina mwenyewe, na majani makavu yaliyotandama chini ya mikorosho, ambayo ndiyo rasilimali ya wenyeji, hushika moto kwa cheche moja. Basi, msomaji, alfajiri yamwagie majivu maji, uyaguse kwa kiganja. Yakiwa yangali moto, usiondoke.