Tumbaku: Ni Starehe au Ni Utumwa?



Katika darsa letu la baada ya Alasiri, mzee mmoja ambaye sote twamheshimu alituuliza swali lililotunyamazisha. Mzee huyu amevuta sigara tangu ujanani mwake, na miezi michache iliyopita daktari alimwambia kuwa kifua chake hakiwezi tena kuustahimili moshi. Akatwambia: "Wanangu, kufa sikuogopi, kila mtu ana siku yake. Linalonisumbua ni kuwa nimekatazwa sigara, nami nimeshindwa kuiacha. Miaka arubaini nimekuwa nikisema kuwa hii ndiyo starehe yangu. Sasa nauliza: nilikuwa nikistarehe, au nilikuwa nikitumikishwa?"

Mmoja wetu alitaka kumtajia hukumu za halali na haramu. Mzee akamzuia kwa mkono, akasema: "Hayo nimeyasikia, mwanangu. Sikuuliza hayo." Basi tukamwahidi kuwa tutalitafakari swali lake, na haya ndiyo tuliyoyafikia. Na ili tusidhaniwe kuwa twawahubiria watu kutoka juu ya mimbari, twakiri kuwa baadhi yetu tulioandika haya tumeivuta sigara, na mmoja wetu angali anaivuta.

Yatupasa kwanza kuisikiliza hoja ya mvutaji kwa insafu. Yeye husema: "Nikishakunywa kahawa yangu barazani, nikawasha sigara, moyo hutulia na fikira hukaa sawa. Nani aijuaye raha yangu kuliko mimi?" Hoja hii si ya kupuuzwa, kwani utamu hujulikana na aliyeuonja. Wako wanaomjibu kwa kusema kuwa sigara ya kwanza haina utamu: huleta kikohozi, kizunguzungu na kichefuchefu, na kitu kitamu hakihitaji kufunzwa. Twaona jawabu hili ni dhaifu. Kahawa chungu pia mtoto huitema, na pilipili humtoa machozi, kisha akikua huzipenda zote mbili. Kuwa kitu kimezoewa kwa kujifunza hakukitoi katika starehe. Hatuna budi kutafuta hoja iliyo madhubuti zaidi.

Hoja hiyo tumeiona kwa tabibu mkubwa wa Rayy, Abubakar Muhammad bin Zakariya Al-Razi, aliyefariki karibu na mwaka 925. Yeye hakuijua tumbaku, kwani mmea huu ulikuwa haujatoka Amerika. Lakini katika kitabu chake cha tiba ya nafsi alieleza kuwa ladha, kwa hakika yake, ni kurejea kwa mtu katika hali yake ya asili baada ya kuondolewa humo na maumivu. Akaeleza pia kuwa waliozama katika matamanio hufika mahali wasione tena ladha ya wanachokifanya, na juu ya hayo wasiweze kukiacha, kwa kuwa kimekuwa kwao kama dharura ya maisha.

Elimu ya leo yaonesha jinsi jambo hilo linavyotendeka katika tumbaku. Ndani yake mna kitu kiitwacho nikotini. Mtu akivuta moshi, nikotini hufika katika ubongo kwa muda wa sekunde 10 hadi 20, na huko huamsha kile kinacholeta hisia ya kuridhika. Lakini ubongo haukai kimya. Ukiletewa nikotini kila siku hujigeuza ili kuizowea, hata ukawa hautulii pasi nayo. Kisha kila muda wa saa 2 hivi, kiasi cha nikotini kilichomo damuni hupungua kwa nusu. Kinapopungua mtu huingiwa na wasiwasi, hasira za karibu, na fikira zisizokaa. Akiwasha nyingine, hayo huondoka, naye husema: "Alhamdulillahi, nimestarehe."

Mfano wake ni mtu aliyeibiwa mkeka wake, kisha mwizi akawa anamkodisha mkeka ule ule kwa saa. Kila akiulalia husifu ulaini wake na kumshukuru aliyempa. Raha aisikiayo ni ya kweli, hatumkanushi. Lakini mkeka ulikuwa wake tangu hapo. Utulivu anaoununua mvutaji kwa sigara ni ule ule alio nao jirani yake asiyevuta, bila ya malipo.

Huenda mtu akatupinga akasema: "Je, chakula nacho? Njaa ni maumivu, na kula ni kuyaondoa. Mbona hamsemi kuwa chakula ni utumwa?" Twajibu kuwa njaa haikuletwa na chakula. Hata asiyepata kuonja wali maishani mwake ataona njaa, na akila mwili wake hujengeka. Ama njaa ya tumbaku ililetwa na tumbaku yenyewe. Asiyeivuta haijui, na aivutaye haimshibishi bali humwongezea. Hapa ndipo ilipo tofauti baina ya haja na uraibu.

Na neno hili uraibu lina mazingatio. Wazee wetu wa pwani waliliita hivyo lile jani la tambuu pamoja na popoo, chokaa na tumbaku yake, kitu cha kutafuna na kumpa mgeni. Leo neno hilo hilo ndilo tunalomwitia mtu aliyeshikwa na kitu hata hawezi kukiacha. Jina la kitu limekuwa jina la maradhi, na lugha yetu imeshuhudia safari ile ile anayoipita mvutaji.

Tukamwomba mwenzetu anayevuta atufanyie jaribio moja: kwa siku moja azihesabu sigara zake, na kila moja aseme kama aliiona utamu. Alivuta 14. Akatwambia kwa uaminifu kuwa 2 alizifurahia, ile ya asubuhi na ile ya baada ya chakula cha usiku. Nyingine 12 alizivuta tu, na moja katika hizo aliiwasha hali nyingine ingali yawaka sahanini. Basi tukisema kuwa sigara haina starehe kabisa tutakuwa tumesema uwongo. Iko starehe kidogo, lakini nayo ni kama kipande cha kashata kinachowekwa mlangoni ili mtu aingie ndani.

Tena tuutazame mwezi wa Ramadhani. Hapa kwetu mtu hufunga saa 13 na zaidi, na mvutaji aliye hodari wa kufunga haweki sigara mdomoni tangu alfajiri hata magharibi. Lakini adhana ikilia, wako ambao mkono huenda kwenye kibiriti kabla ya kwenda kwenye tende. Jambo hili lina mafunzo mawili. La kwanza ni kuwa kiu ya maji ilikuwa ndogo mbele ya kiu ya moshi, na hiyo ni alama ya mwenye kushikwa. La pili ni la kheri: mtu huyo huyo, aliyesema hawezi kukaa saa moja, amekaa saa 13 kwa siku 29 au 30, kwa kuwa ametia nia na mlango ameufunga. Basi nia yake haikufa. Msiba wake ni kuwa kila siku huilipa taabu ya kuacha, na kila usiku huutupa uhuru alioulipia. Taabu hiyo huwa kali zaidi katika siku chache za mwanzo, kisha hupungua katika majuma machache. Lakini yeye kila jioni hurejea mwanzo.

Na lau kama ingekuwa starehe tupu, watu wasingeihatarishia roho zao. Mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne wa Uturuki aliipiga marufuku tumbaku akaiwekea adhabu ya kifo, na watu waliuawa kwa ajili yake. Juu ya hayo waliendelea kuivuta kwa siri, hata askari wake mwenyewe. Maulamaa wa zama zile walihitilafiana: Sheikh Ibrahim Al-Laqani wa Misri aliandika kuipinga, na Sheikh Abdulghani Al-Nabulusi wa Sham aliandika kuitetea. Hatuwalaumu waliotetea, kwa sababu madhara yake hayakuwa yamedhihirika. Leo yamedhihirika. Tangu mwaka 1950 Richard Doll na Bradford Hill wa Uingereza walionesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu. Mwaka 1964 serikali ya Marekani ilitoa ripoti yake kuthibitisha hayo, na mwaka 1988 ikatoa nyingine kuwa nikotini humfanya mtu mraibu. Walakini mwaka 1994 wakuu wa makampuni 7 ya tumbaku walisimama mbele ya Bunge la Marekani wakaapa kuwa hawaamini hivyo. Mwenye mkeka wa wizi hawezi kuukubali wizi.

Sasa twafika penye uzito wa swali. Ikiwa ni utumwa, je, mvutaji hana lawama? Twaona kuwa lawama na uhuru huenda pamoja: uhuru ukipungua, lawama hupungua, lakini haiondoki maadamu nia ingali hai. Na lawama kubwa iko mwanzoni, mtu angali huru. Nasi wakubwa tuna sehemu yetu. Ni nani kati yetu hajamwona baba akimtuma mtoto dukani, "Niletee sigara, na uje nayo imewashwa"? Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 imekataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, lakini sheria haikai ndani ya nyumba zetu, sisi ndio tunaokaa. Samaki mkunje angali mbichi.

Ama yule aliyekwisha kushikwa, haifai kumcheka wala kumfukuza barazani. Haifai pia kumwambia kuwa ana imani haba. Apelekwe kwa daktari, kwani ziko dawa za kumsaidia, na akirudi nyuma ashikwe mkono tena. Wengi walioacha hawakuacha kwa mara moja.

Na wewe, mzee wetu, jawabu letu ni hili. Ulistarehe kidogo, ukatumikishwa sana, na ile starehe ndogo ndiyo iliyokuficha utumwa usiuone. Lakini mtumwa anayeuliza kama yeye ni mtumwa amekwisha kuanza kutoka. Doll na wenzake waliwafuatilia madaktari wa Uingereza tangu mwaka 1951, na mwaka 2004 wakaeleza kuwa hata aliyeacha akiwa na miaka 60 alipata, kwa wastani, kama miaka 3 zaidi ya maisha kuliko asiyeacha. Ajali i mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Bali hata kama isingekuwa miaka mitatu, ikawa miezi mitatu tu, ni jambo kubwa mtu kuukalia mkeka wake mwenyewe.

Kesho baada ya Alasiri twakungoja mahali pako pa siku zote. Mwenzetu wa sigara 14 amesema ataanza siku hiyo hiyo pamoja nawe.

Wabillahi taufiki.