Manukato ya Ngozi na Safu ya Ijumaa



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zangu wanafunzi, kaka na dada katika imani, mada yetu leo ni manukato ya mwanamume, na hasa aina moja ambayo vijana wengi huipenda: yale yenye harufu ya ngozi. Huenda mtu akauliza, hili nalo ni jambo la mawaidha? Naam, ni la mawaidha. Dini iliyotufundisha namna ya kuingia chooni haikuacha kutufundisha namna ya kunukia.

Mtume (s.a.w.) alipenda manukato. Katika mapokezi ya Anas bin Malik aliyoyapokea Imam Nasai, Mtume ametaja kwamba katika mambo ya dunia alipendezeshewa wanawake na manukato, na kitulizo cha macho yake kikawekwa katika swala. Anas huyo huyo ameeleza, kama ilivyo kwa Bukhari, kwamba Mtume alikuwa hakatai manukato akipewa. Kwa hiyo kijana anayependa kunukia vizuri asionekane ana upungufu wa dini. Akitia nia ya kufuata sunna, anapata thawabu juu ya jambo analolipenda mwenyewe.

Sasa tuitazame hiyo harufu ya ngozi. Mji wa Grasse kule Ufaransa unajulikana dunia nzima kwa manukato, lakini mwanzo wake ulikuwa mji wa mafundi wa ngozi. Kazi ya ngozi inanuka vibaya, na glavu zilizotoka huko zilinuka pia. Mafundi wakaanza kuzitia manukato ili mabwana na mabibi wakubali kuzivaa. Baadaye biashara ya ngozi ikafifia pale, manukato yakabaki. Katika miaka ya 1920, duka la mshonaji nguo liitwalo Knize, mjini Vienna, likatoa manukato ya wanaume yenye harufu ya ngozi, Knize Ten, ambayo yanauzwa mpaka leo. Jambo la kushangaza ni kwamba manukato ya namna hii hayakamuliwi kutoka kwenye ngozi. Harufu hiyo huundwa kwa vitu kama lami ya mti wa mbetula, utomvu wa miti na kemikali za maabara. Unachonusa ni mfano wa ngozi tu.

Lakini ngozi yenyewe tunaijua. Aliyepita karibu na machinjio, iwe Kasese mjini au Bwera, anajua ngozi mbichi inavyokuwa saa chache tu baada ya mnyama kuchunwa, hasa katika joto la bondeni. Ikiachwa, inaoza. Ikipakwa chumvi nyingi, inahifadhika, na sisi majirani wa ziwa Katwe hatuhitaji kuelezwa chumvi ni nini. Kisha inadabaghiwa: inalowekwa, inakwanguliwa nyama na manyoya, inatiwa dawa, inanyooshwa. Mwishowe kitu kilichokuwa kinafukuza watu kinakuwa kiatu, mkanda, au jalada la msahafu.

Sheria yetu imelizingatia jambo hili. Ibn Abbas amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye kondoo aliyekufa, ambaye alikuwa amepewa sadaka mtumishi aliyeachwa huru na Maimuna. Akawauliza kwa nini hawakuichukua ngozi yake, wakaidabaghi na kunufaika nayo. Wakasema, huyu ni mzoga. Akawabainishia kuwa kilichoharamishwa ni kumla. Kutokana na mafundisho haya wanazuoni wamesema kudabaghi kunaitwaharisha ngozi ya mzoga, na madhehebu ya Imam Shafi yameitoa ngozi ya mbwa na ya nguruwe katika hukumu hiyo.

Hapa pana zingatio. Ngozi ya mzoga haitwahariki kwa kumwagiwa marashi juu. Ukiimwagia chupa nzima, itabaki najisi yenye harufu nzuri kwa muda mfupi. Inatwahirika kwa kufanyiwa kazi mpaka ndani. Na moyo wa mwanadamu ni hivyo hivyo. Kiburi, husuda na kudharau watu haviondoki kwa kupaka kitu juu. Vinaondoka kwa toba, kwa swala yenye unyenyekevu, na kwa kuikwangua nafsi kidogo kidogo, jambo ambalo linauma.

Sasa tuje kwenye safu ya Ijumaa, ambako mtihani wenyewe uko. Katika hadithi ya Salman al-Farsi aliyoipokea Bukhari, Mtume (s.a.w.) ametaja mtu anayeoga siku ya Ijumaa, akajitwaharisha kadiri awezavyo, akajipaka mafuta yake au manukato ya nyumbani kwake, kisha akatoka, asiwatenganishe watu wawili waliokaa, akaswali alichoandikiwa, akanyamaza imamu anapohutubu. Huyo husamehewa yaliyo baina ya Ijumaa hiyo na nyingine.

Tuzingatie mambo mawili. La kwanza ni manukato ya nyumbani kwake, yaani alichonacho. Hakuambiwa akope. Mwanafunzi anayechukua pesa za ada au za chakula, ambazo mzazi amezipata kwa kuuza kahawa au kwa kubeba mizigo pale mpakani Mpondwe, akanunulia chupa yenye jina kubwa ili aonekane, huyo ameitoa sunna mahali pake. Tone la mafuta ya miski la bei ndogo linatosha. Na asiye na kitu kabisa ana maji na sabuni, na amepewa mswaki.

La pili ni kutowatenganisha watu wawili. Tazameni yalivyopangwa: manukato na heshima ya watu safuni yamekuja katika hadithi moja. Hapa kwetu Ijumaa huwakusanya watu wa kila namna. Yupo mwanafunzi aliyetoka bwenini na kanzu iliyopigwa pasi. Yupo mchinjaji ambaye harufu ya kazi imeingia mikononi. Yupo mchimba chumvi wa Katwe aliyesimama ndani ya maji ya chumvi tangu asubuhi. Yupo wa boda boda mwenye vumbi la barabara ya Bwera. Ukimwona mtu kama huyu anakuja kusimama karibu nawe, ukasogea, ukaacha pengo au ukahamia safu nyingine, basi manukato yako yamekuwa hoja dhidi yako. Kilichokupa sababu ya kumkimbia ndugu yako ni kile kile kilichowekwa ili asikukimbie wewe.

Bibi Aisha (r.a.) ametueleza jinsi lilivyoanza jambo hili. Watu walikuwa wakija Ijumaa kutoka majumbani mwao na vitongojini, wamejaa vumbi na jasho la kazi. Mtume (s.a.w.) aliposikia harufu, hakumfukuza mtu wala hakumtaja kwa jina. Aliwaambia kwa upole kwamba lingekuwa jambo jema kama wangejitwaharisha kwa ajili ya siku yao hiyo. Waliokuwa na harufu ya jasho walikuwa masahaba. Je, mimi na wewe tungesimama nao bega kwa bega?

Haya hayamfanyi mtu azembee usafi. Mtume amekataza aliyekula vitunguu vibichi au thomu asiukaribie msikiti, na harufu ya sigara ni mbaya zaidi. Usafi ni haki ya aliye karibu nawe. Lakini kutimiza haki ya mwenzako ni kitu kimoja, na kumdharau ni kitu kingine. Ibn Mas'ud amepokea, na imo kwa Imam Muslim, kwamba mtu alimuuliza Mtume kuhusu kupenda nguo nzuri na viatu vizuri. Mtume akajibu kuwa Allah ni mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kiatu cha ngozi si kiburi. Kiburi ni namna unavyomtazama aliyevaa kandambili.

Kuhusu spiriti iliyomo ndani ya manukato ya chupa, wanazuoni wamekhitilafiana. Wapo wanaoiona ni najisi, na wapo wengi wa zama zetu wanaoruhusu kuipaka mwilini na nguoni. Anayetaka tahadhari atumie mafuta yasiyo na spiriti. Aliyefuata kauli ya kuruhusu, tusimwambie kuwa swala yake imebatilika, wala tusigombane mlangoni mwa msikiti kwa jambo ambalo wenye elimu wamelizungumza kwa adabu.

Na ninyi dada zetu, usafi ni wenu kama ulivyo wetu. Ila manukato yenye harufu ya kuenea ni ya nyumbani, si ya kutokea mbele ya wanaume, kama sunna ilivyobainisha.

Ndugu zangu, Ijumaa hii inayokuja tufanye jambo moja. Oga, vaa safi, paka ulichonacho. Ukifika msikitini, tafuta nafasi karibu na mtu ambaye kwa kawaida ungemkwepa. Mpe salamu na mkono. Kama una chupa ndogo mfukoni, mpake na yeye, kwani kumpa mwenzako manukato ni sunna na yeye kuyapokea ni sunna. Mtatoka wawili mnanukia harufu moja.

Ewe Mola wetu, tutwaharishe mioyo yetu kama ulivyotuamuru kutwaharisha miili yetu. Tuondolee kiburi, tupe mapenzi baina yetu, na ujaalie mwisho wetu uwe mwema. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.