Tumaini la Hanania na Tumaini la Yeremia



Tuendapo kumtazama mgonjwa, sisi Wakristo tunalo neno letu ambalo hututoka mdomoni hata kabla hatujaketi: "Usiwe na hofu, utapona tu." Mgonjwa huitikia amina, nasi hurudi nyumbani tumeridhika kwamba tumempa tumaini. Nimelisema neno hilo mara nyingi mno. Leo nataka tuulizane kama hilo ni tumaini kweli.

Mwaka 2019 mke wangu aliugua saratani. Madaktari walitueleza hali ilivyo, bila kuficha. Mimi nilikataa kusikia. Kila asubuhi nilimwambia, "Mama, mwezi ujao utakuwa shambani." Mwezi ukipita, nilitaja mwingine. Akianza kusema habari za kitinda mimba wetu, aliyekuwa bado shuleni, nilimkatiza. Hata alipoomba tununue miche ya michungwa ya kubebeshwa, tuipande masika yale nyuma ya nyumba, nilijibu kwamba tungoje apone aichague mwenyewe. Siku moja akaniambia taratibu, "Mwalimu, wewe unanisemesha kama mtoto. Mzigo huu naubeba peke yangu."

Nilikuwa nimesimama mbele ya ubao zaidi ya miaka 30, na sikuwa na jibu.

Usiku ule nilifungua kitabu cha Yeremia nitafute aya ya 11 ya sura ya 29, ile ya amani na tumaini ambayo huandikwa kwenye kalenda na kadi za harusi. Jicho likaangukia aya inayoitangulia. Hiyo haiandikwi kwenye kadi. Yataja miaka 70. Barua ile ilipelekwa kwa watu waliohamishwa Babeli pamoja na mfalme Yekonia, yapata mwaka 597 kabla ya Kristo. Fanyeni hesabu wenyewe: mtu mzima aliyesomewa barua ile hakutazamia kuiona tena Yerusalemu kwa macho yake. Walakini anaagizwa ajenge nyumba, apande bustani na kula matunda yake, aoze watoto, tena auombee mji wa adui zake.

Nikarudi nyuma sura moja. Huko yuko nabii Hanania, ambaye aliwaahidi watu kwamba kwa muda wa miaka 2 vyombo vya hekalu na wafungwa wote watakuwa wamerudi. Akaivunja na ile nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, watu wakitazama. Nadhani walimpenda sana siku ile. Yeremia alimjibu nini kwanza? Alisema amina, Bwana na afanye hivyo! Hapo ndipo nilipompenda mzee huyu, maana hakufurahia habari mbaya. Angependa Hanania awe amesema kweli. Lakini baadaye alimwambia wazi kwamba anawategemeza watu kwenye uongo.

Basi nikamtambua Hanania. Alikuwa ni mimi.

Mtu ataniuliza: je, tusiwaombee wagonjwa? Tuwaombee, tena kwa bidii. Bwana wetu mwenyewe kule Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, akamwachia Baba jibu. Ila kuomba ni jambo moja, na kumpangia Mungu tarehe na kumtangazia mgonjwa ni jambo jingine. Tarehe ikipita, mgonjwa hudhani imani yake ndiyo iliyopungua, akaongezewa aibu juu ya maumivu. Mwalimu anayetia alama ya vema kwenye hesabu iliyokosewa hamtii mtoto moyo. Amemwacha tu na kosa lake, tena peke yake.

Tumaini la Yeremia halikuwa na haraka, kwa kuwa lilimtegemea Mungu aliyekuwako Babeli kama alivyokuwako Yerusalemu. Nasi tuliobatizwa tumepewa na jambo ambalo wale wahamishwa hawakuwa nalo: kaburi lililokutwa tupu asubuhi ya Pasaka. Mwenye kuliamini hilo aweza kulitaja neno mauti chumbani mwa mgonjwa bila kumkana Mungu. Mimi niliogopa kulitaja. Niliiita hofu yangu imani.

Asubuhi nilinunua miche 8. Mke wangu aliketi barazani akinionyesha pa kuchimba, na kunikosoa, maana mambo ya shamba aliyajua kunishinda. Jioni tukazungumza: habari za mtoto, habari za mazishi, na deni dogo la Umoja wa Akina Mama alilotaka lilipwe. Tulilia sana. Nisiwadanganye kwamba amani ilikausha machozi. Dawa zilikuwa zile zile, lakini usiku ule alilala. Jumapili padre akamletea Ekaristi nyumbani, naye akaipokea ameketi, jambo ambalo lilikuwa limemshinda wiki nyingi.

Alifariki mwezi wa Septemba. Mchungwa wa kubebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, naye alilijua hilo tangu siku tuliyoipanda. Miche miwili ililiwa na mbuzi wa jirani. Sita ipo na inazaa.

Siku hizi niendapo kumjulia hali mgonjwa, humwuliza maswali mawili: umelalaje, na kuna jambo gani ungependa lifanyike? Wengi hulijibu la pili kwanza.