Kiti na Mwenye Kiti

Katika midahalo ya shule zetu mwenyekiti aghalabu huwa ni yule mwanafunzi mwenye sauti kubwa, asiyewaogopa wenzake. Hupewa kengele, hufunzwa maneno mawili matatu ya adabu ya kikao, na mdahalo ukaanza. Ni nadra kuulizwa kama yu radhi kukaa saa nzima asitoe maoni yake. Nasi twaona kwamba swali hilo ndilo kiini cha cheo chenyewe. Na kwa kuwa wanafunzi hao kesho watakuwa wenyeviti wa vyama vya ushirika, wa mabaraza ya wilaya, na pengine wa bunge, yafaa tulichungue sawasawa.

Neno Spika tumelichukua kwa Waingereza, na maana yake ya asili ni msemaji. Ajabu ni kwamba msemaji huyo katika mjadala ndiye asiyesema. Historia yalifumbua fumbo hilo: zamani Spika alitumwa na wabunge kwenda kumweleza mfalme waliyoyaamua, alisema, ila maneno hayakuwa yake. Tarehe 4 Januari 1642 Mfalme Charles wa Kwanza aliingia bungeni mwenyewe, askari wake wakiwa mlangoni, akiwatafuta wabunge watano aliotaka kuwakamata. Alipomwuliza Spika William Lenthall walipo, Lenthall alipiga magoti akajibu kwamba mahali pale hakuwa na macho ya kuona wala ulimi wa kunena ila kama Bunge lilivyomwamuru. Watu husifu ushujaa wake. Sisi twasifu zaidi hoja yake, kwani ule utumishi wake ndio uliompa nguvu ya kumkatalia mfalme. Lau angalisema kwa nafsi yake, angalikuwa raia mmoja tu mbele ya mtawala wake.

Lakini je, ni haki kumtaka mtu aliyetumwa na watu wake anyamaze? Nchi zetu zimelijibu swali hili kwa njia mbalimbali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yataka Spika awe mtu mwenye sifa za kuchaguliwa kuwa mbunge, lakini asiye mbunge; tena hana kura, na kura zikilingana hoja imeanguka. Hivyo hakuna jimbo linalopoteza sauti yake. Katiba ya Tanzania yaruhusu yote mawili, mbunge au mtu mwenye sifa za kuwa mbunge. Kwa Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, wabunge humchagua Spika miongoni mwao wenyewe, na uchaguzi huo husimamiwa na Jaji Mkuu au jaji atakayemteua. Tena kiti kikiwa kitupu, Bunge haliwezi kufanya shughuli yoyote ila kumchagua Spika. Sharti hili la mwisho latupendeza mno. Latambua kwamba watu waliokusanyika, hata wakiwa na vyeo vikubwa namna gani, si baraza mpaka wakubaliane nani atawapa nafasi ya kusema.

Wako wanaodhani kwamba mtu wa nje ndiye dawa ya upendeleo. Hatuafiki. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Naye mtu wa nje hakuanguka kutoka mbinguni, bali alipendekezwa na watu, na deni la fadhila haliandikwi katika daftari lolote. Sisi twamwona afadhali mwanachama aliyekwisha kuinua mkono akanyimwa nafasi, maana ameyaonja. Ila anapoketi kitini kura yake aiweke chini, na uchaguzi wake uwe kwa siri. Mwenyekiti anayemjua nani alimkataa atalikumbuka jambo hilo kila mkono ule utakapoinuliwa.

Na hapa ndipo penye hatari. Mwenyekiti aweza kuiua hoja pasipo kuipinga hata kwa neno moja. Hauoni mkono, au wakati umekwisha, au jambo hilo, asema, halimo katika ajenda. Henry Martyn Robert, Mmarekani aliyetoa kitabu chake cha kanuni za mikutano mwaka 1876, alitoa kinga dhidi ya udhalimu huo: mwanachama mmoja akiungwa mkono na mwingine aweza kuukatia rufani uamuzi wa mwenyekiti, na kikao chenyewe kikapiga kura. Kanuni hiyo ni ndogo, nafuu yake ni kubwa. Yamkumbusha mwenyekiti kwamba kiti amekiazima.

Kumwondoa ni jambo jingine. Marekani, tarehe 3 Oktoba 2023, Spika Kevin McCarthy aliondolewa kwa kura 216 dhidi ya 210, na kanuni ya wakati huo ilimruhusu mjumbe mmoja peke yake kuileta hoja ya namna hiyo. Twaona ni urahisi uliopita kiasi. Mwenyekiti wa hivyo ni mateka wa yeyote aliyekasirika asubuhi ile. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wataka theluthi mbili ya wabunge wa kuchaguliwa, tena kwa sababu ya kushindwa kazi au utovu wa mwenendo. Hata hivyo Bunge la Jumuiya lilipomwondoa Spika Margaret Nantongo Zziwa mwezi wa Desemba 2014, shauri lilifika katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, nayo mwaka 2017 ikatamka kwamba kuondolewa kwake kulikiuka Mkataba. Kwa wakati huo kiti kilikuwa na mtu mwingine kwa zaidi ya miaka miwili. Wingi wa kura, basi, hautoshi. Njia ya kuzifikia kura hizo nayo ina haki zake.

Vyama vyetu vya walimu havina mahakama ya kukimbilia. Kwa hiyo twapendekeza katiba zao ziseme wazi: mwenyekiti akishtakiwa, ashuke kitini mpaka shauri liishe, apewe muda wa kujibu, na walioleta mashtaka wasiketi katika kamati ya kuyachunguza. Makamu wake naye asikikalie kiti hicho kwa muda huo, kwa kuwa ndiye mrithi. Akikalie mwanachama atakayetangaza mbele ya wote, kabla ya kuketi, kwamba hatagombea uenyekiti katika uchaguzi utakaofuata. Akisitasita kutangaza hivyo, atafutwe mwingine.