Adabu za Mwanagenzi Anayefufua Pikapu Kuukuu

Kufufua gari, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni kulirudisha gari la zamani katika hali ya kutembea na kupendeza kwa kulifungua, kulitibu na kulifunga upya, na kazi hii hutofautiana na matengenezo ya kawaida kwa kuwa haina dharura inayoisukuma. Gari la kazi likiharibika, mwenyewe hulitengeneza kwa sababu kesho ana safari. Pikapu iliyokaa juu ya matofali nyuma ya nyumba haimdai mtu safari yoyote, na hivyo mwanagenzi, yaani anayejifunza kazi bila kuwa fundi wa taaluma, hana kinachomrudisha kwenye spana zake ila hamu yake mwenyewe. Watu huizungumzia hamu hiyo kana kwamba ni kipawa ambacho mmoja kapewa na mwingine kanyimwa. Rai inayoshikwa hapa ni nyingine: hamu hufifia pale ambapo haki za chombo, za fundi, za nyumba na za jirani zimevunjwa, na anayezitimiza huikuta ipo hata siku ambayo hakuitafuta.

Mfano utakaotumika ni pikapu ya Peugeot 504, ambayo midomoni mwa Wakenya wengi ni Pijo tu. Saluni ya 504 ilitoka Ufaransa mwaka 1968, na tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya ikaipata mwaka 1969. Pikapu, yenye kubeba zaidi ya tani moja juu ya springi za bapa, ilikuja baadaye, na magari ya 504 yaliendelea kuunganishwa Mombasa hata baada ya Ufaransa kuacha kuitengeneza saluni. Sifa za mbio za Safari, ambazo 504 ilizishinda mwaka 1975 ikiwa saluni na mwaka 1978 ikiwa kupe, hazikuifikia pikapu. Yenyewe iliambulia magunia, ng'ombe na njia za vumbi, na kwa sababu hiyo ni nadra kuipata ya zamani ambayo haijachomelewa mara kadhaa na mafundi waliokuwa na haraka, ambao mwanagenzi hana budi kuwasamehe mapema, kwa kuwa atakutana na kazi yao kila atakapobandua zulia.

Haki ya kwanza ni ya chombo, nayo ni kwamba kisifunguliwe zaidi ya kile ambacho mfunguaji yuko tayari kukifunga. Wanagenzi wengi hupasua kila kitu katika wiki za mwanzo, kwa kuwa kufungua ni kwepesi na huonekana kama maendeleo, kisha hubaki na mabeseni ya nati zisizojulikana zilikotoka, na hapo ndipo miguu huanza kuikwepa gereji. Injini ya petroli ya 504 humwadhibu vikali mwenye pupa ya namna hii. Silinda zake hazikuchongwa moja kwa moja katika bloku. Kila pistoni hupanda na kushuka ndani ya slivu, yaani mrija wa chuma uliochopekwa katika bloku na kuzungukwa na maji ya kupozea, na slivu hiyo hutulia mahali pake kwa kukandamizwa kutoka juu na silinda hedi. Hedi ikishaondolewa, mtu akazungusha krenkishafti kwa udadisi tu, pistoni yaweza kuinyanyua slivu, kizibo cha chini kikaachia, na baadaye maji yakaingia kwenye oili. Wazoefu huzibana slivu kwa bolti na washa mara hedi inapotoka. Mwanagenzi aliyelijua hilo kabla ya kushika spana hupata jioni moja ya kazi tulivu. Asiyelijua hupata miezi ya kutafuta kosa ambalo hakujua amelitenda, na ni vigumu kumlaumu mtu wa pili akichoka.

Kutoka hapo hufuata mpangilio wa kazi, ambao ndio chakula cha hamu. Mfumo mmoja ushikwe mpaka ukamilike, breki au umeme au radieta, ili mwenye kazi awe na kitu kilichokwisha anachoweza kukigusa. Injini na ingurume mapema, hata ikiwa bodi bado ina matundu, kwa maana mngurumo mmoja huvuta watoto, wazee na wapita njia, na mwenye gari hupata ushahidi kwamba kinachofufuliwa kina uhai. Lakini chombo kisisogezwe hata hatua chache kabla breki hazijawa imara. Na asiingie mtu chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, bila stendi za chuma, kwa kisingizio kwamba ni dakika moja tu. Rangi ije mwisho. Rangi ndiyo kishawishi kikuu cha mwanagenzi, naye akiitanguliza hulazimika kupaka pati, yaani ule ujiuji unaojazia mabonde ya bati, juu ya kutu iliyo hai, na kutu hiyo huendelea kula chini kwa chini hadi ibubujike tena kwenye milango na vizingiti. Pati juu ya kutu ni uongo unaosemwa kwa mkono. Kutu iliyotoboa hukatwa na bati jipya likachomelewa, na ile ya juujuu hupigwa msasa, kisha hutibiwa kwa dawa ya asidi ya fosfori kabla ya praima.

Haki ya fundi haitajwi sana, ingawa kazi nyingi za aina hii hufia hapo. Mwanagenzi atamhitaji mchongaji, mchomeleaji na mtu wa umeme, nao wana heshima yao: asiwasahihishe mbele ya wanafunzi wao kwa kuwaonyesha video kwenye simu, asiwaite mafundi watatu kwenye injini moja kwa siri, na asiiache hesabu ilale. Aendapo kutafuta spea, iwe Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi au Gerezani, Dar es Salaam, abebe kifaa cha zamani mkononi kiwe sampuli, kwa kuwa maelezo ya mdomo humchosha muuzaji na humrudisha mnunuzi nyumbani na kitu kisichoingia. Fundi mzee aliyeheshimiwa humpa mwanagenzi kile ambacho fedha haikinunui, yaani neno fupi la kumwambia kwamba jambo analolihangaikia ni la kawaida.

Nyumba ina haki ya kujua mapema ni fedha gani zinaingia kwenye chuma, na ada ya shule isigeuzwe kabureta. Jirani ana haki ya usingizi, ya kuswali bila grainda kumkatiza, na ya nguo zilizoanikwa kutopata ukungu wa rangi inayopulizwa. Oili chafu isimwagwe mtaroni. Mambo haya huonekana madogo, lakini anayefanya kazi huku amenuniwa na watu wake hachelewi kuichukia kazi yenyewe.

Ipo hamu iliyochoka na ipo iliyokwisha. Iliyochoka hupumzishwa kwa wiki kadhaa, chombo kikiwa kimefunikwa turubai linalopitisha hewa na vifaa vimeandikwa majina. Iliyokwisha hailazimishwi, na kumpa mwingine pikapu hiyo hakuna aibu, ila kuna adabu zake. Katika fikihi ya biashara inayojulikana mwambao, muuzaji anayeijua kasoro ya bidhaa hana ruhusa ya kuinyamazia. Basi humwonyesha mnunuzi mahali palipojazwa pati, humlinganishia namba ya injini na ya chasisi na zile zilizo kwenye cheti cha usajili, ambacho Kenya huitwa logibuku, humkabidhi makopo ya nati yakiwa na lebo zake, na katika bei humpunguzia kwa kadiri ya yale aliyoyafungua bila kuyafunga.