Baiskeli ya Babu na Baiskeli ya Mwuza Mkaa

Babu yangu alinunua baiskeli ya Raleigh mjini Yei baada ya mkataba wa amani wa Addis Ababa wa mwaka 1972. Tulipokimbia mapigano ya Juba mwezi Julai 2016, ilibaki uani. Babu alifia ukimbizini Uganda. Tuliporudi tulikuta fremu, usukani na rimu moja, na jirani alikuwa ameifungia mbuzi. Baba akaniambia, "Itengeneze iwe kama ilivyokuwa."

Maneno hayo ndiyo yaliyonitia kwenye mtihani. Sokoni Konyo Konyo, fundi alinionyesha vipuri vya Phoenix ya China na Hero ya India. Tairi za inchi 28 hazikuwa na shida. Vikombe vya gololi kwenye ekseli ya pedeli vilitusumbua, kwa sababu Raleigh za zamani zilichongwa nyuzi 26 kwa inchi, ilhali kipimo cha kawaida cha Kiingereza ni 24. Ukilazimisha, unaharibu fremu. Tulivipata kwenye ndoo ya vyuma chakavu baada ya wiki tatu. Kikabaki kitu kimoja: lile gurudumu la meno la mbele lenye vichwa vya korongo, nembo ya kiwanda hicho cha Nottingham.

Nililiona siku moja likizunguka kwenye baiskeli ya mwuza mkaa. Nilimwahidi pesa za kununulia jipya na ziada juu yake. Alikubali papo hapo. Mimi ndiye niliyesita.

Wanafalsafa wamejadili tangu zamani meli ya Theseus, ambayo Plutarch anasema Waathene waliitunza kwa kubadilisha mbao zilizooza: je, ilibaki meli ileile? Swali langu lilikuwa jingine. Je, ni haki kung'oa ubao kwenye meli inayovua samaki ili kukamilisha meli ya kutazamwa?

Mtu atasema mwuza mkaa aliridhia, nami sina mamlaka ya kumwamulia mtu mzima kama mtoto. Hoja hiyo ina uzito. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na huenda pesa zile zilikuwa karo ya mwanawe. Lakini fundi mwenyewe alikiri kwamba magurudumu mapya ya bei nafuu huisha meno mapema yakibebeshwa magunia. Bei niliyotaja haikuhesabu hasara hiyo, na yeye hakuijua. Kuridhia bila kujua unachopoteza ni nusu ya kuridhia. Ningeweza kumweleza na kuongeza bei, ila sikuwa na pesa hizo.

Kisha nikakumbuka jambo nililopaswa kulianzia. Tandiko la babu lilishonwa kwa ngozi ya mbuzi. Breki ya nyuma ilifungwa waya. Miaka ya vita, vipuri vilipoadimika, alitia chochote kilichoshika. Baiskeli hiyo haikuwahi kuwa kama ilivyotoka kiwandani tangu baba akiwa mtoto. "Kama ilivyokuwa" kwake ilimaanisha baiskeli inayompeleka babu shambani na kumrudisha.

Kwa hiyo nilifunga gurudumu la Phoenix. Sikulipaka rangi ili lifanane na la zamani, wala sikukubali nembo ya bandia aliyonipa fundi, kwa maana kubadilisha kipuri si kosa, kosa ni kudanganya kwamba hakikubadilishwa.

Nilipomweleza mwuza mkaa kwamba nimeghairi, hakunishukuru. Alisema, "Umeninyima pesa," akapakia magunia yake akaondoka. Alikuwa na haki ya kukasirika, kwa sababu nilimwahidi kabla ya kufikiri. Hilo ndilo deni langu katika kisa hiki. Baba naye huiendesha baiskeli kila Jumapili kwenda kanisani, na hajawahi kuuliza korongo wamekwenda wapi.