Kamera Mkononi Siku ya Ndoa ya Rafiki



Rafiki yako kakuomba umpigie picha za harusi, na ni mara yako ya kwanza. Mikono inatetemeka, eeh? Soma kwanza Yohane 2:1-11. Kule Kana mkuu wa meza alionja divai asijue ilikotoka; watumishi walioteka maji ndio waliojua. Mitungi 6 ya mawe waliijaza mpaka juu, na Injili haitaji hata jina lao moja. Siku hiyo nafasi yako ni ile yao.

Kwa hiyo muone paroko mapema, umuulize usimame wapi. Maharusi wakipeana ahadi, piga, tena piga vizuri: wao wenyewe ndio wanaopeana sakramenti, padre ni shahidi wa Kanisa. Na hata kadi ya kamera ikigoma, ndoa ipo palepale. Haikutegemei wewe, tulia.

Ila kwenye mageuzo shusha kamera, piga magoti. (Wapo wanaopanda mpaka altareni kutafuta engo. Jamani!) Bibi harusi hatakudai picha hiyo. Ukienda kukomunika, mwachie mtu kamera.